Kadi ya Agatha na Koti la Mjomba

Makanyagio, Mpanda
10 Machi 1996

Dada yangu Romana,

Weka kwanza huo ungo pembeni ukae chini, maana habari nilizonazo hazisomwi mtu akiwa amesimama. Bahati imemkamata mdogo wako, imenikaba kooni, naomba iniachie kidogo nipumue. Tangu Krismasi cherehani yangu haijapoa. Watu wa reli wanashona kwangu, walimu wanashona kwangu, na kuna bwana mmoja mkubwa wa serikali (jina lake silitaji, ana maadui) amesema Mpanda nzima hakuna suruali inayokaa kiunoni kama ya fundi Melkior. Na mwili nao umeitika. Nimenenepa, dada! Kitambi kinatangulia, mimi nafuata. Juzi nimechukua msumari nikauchoma moto, nikatoboa tundu jipya kwenye mkanda. Wasomee nyumba nzima hiyo, na majirani waite.

Mke wangu Donatille anawasalimu sana, yuko hapa mgongoni kwangu anakosoa mwandiko. Mama macho yake yanaendeleaje? Huyo mdogo wetu Benedikto mwambie aache kuazima baiskeli za watu.

Sasa tuje kwenye lenyewe. Nimepata habari ya Agatha wetu na huyo kijana Nkwabi, mtoto wa Mzee Masunga mwenye ng'ombe. Nimefurahi mpaka nikafunga kazi saa nne asubuhi. Baba yake angekuwa hai angemtoa yeye ndani, lakini Mungu alishapanga, kwa hiyo mkono wa Agatha nitaushika mimi mjomba wake. Hilo halina mjadala.

Na kadi niachie mimi. Nyie huko Majimoto mtaandika "karibuni nyote" basi, kama mnaita watu kwenye mnada. Hapa parokiani kuna mashine ya stensili ya kuchapia na karani wake ni mteja wangu. Mimi nimetembea, dada. Tabora nimekaa, Kigoma nimekaa, Dar es Salaam nimelala siku mbili kwa mtu wa heshima. Harusi za watu wanaojielewa, kadi inasema chini kabisa mtu aje amevaa nini. Nimeshaandika:

MAVAZI: Wanaume koti. Wanawake mikono mirefu mpaka kwenye kiganja. Asiye na koti asisogee.

Usiibadilishe hata nukta.

Ni mimi mdogo wako mnene,
Melkior


Majimoto
4 Aprili 1996

Mdogo wangu Melkior,

Barua yako imeletwa na dereva wa lori la mpunga, imelowa pembeni lakini imesomeka. Agatha aliisoma kwa sauti kama ulivyotaka. Mama alipiga makofi pale pa kitambi, akasema sasa atakufa vizuri maana mmoja wa watoto wake ameshiba. Benedikto ameichukua akaizungusha sokoni, sasa hata fundi Ngusa anajua habari ya mkanda wako. Mama macho yamebaki jicho moja tu, na hilo nalo linaona watu kama moshi. Mpunga wa bondeni umesimama, wa juu umekanyagwa na mifugo. Tunamshukuru Mungu kwa wa bondeni.

Jumanne tumemzika Salvatori, mtoto wa Katarina, uliyekuwa unaogelea naye. Alirudi Januari kutoka Kigoma akiwa mifupa mitupu. Ni huu ugonjwa wa siku hizi. Kwenye ubatizo wa mpwa wake alikuja akakaa kwenye benchi, mikono imejaa mapele. Watu wakaanza kuinuka mmoja mmoja, huyu anakwenda kuangalia chungu, yule anaitwa na mtoto, mpaka akabaki peke yake kama mzigo uliosahauliwa stendi. Kikombe alichonywea walikitupa chooni. Hakutoka tena ndani mpaka tulipomtoa.

Kuhusu kadi. Ndugu yangu, umesahau huku panavyochoma? Mwezi wa nane mtu anatafuta wapi koti? Babu zetu upande wa baba wana shati moja la kanisani. Shangazi zetu wana vitenge. Ukiandika hivyo, watakaokuja ni mwalimu mkuu na padre. Andika tu watu waje wasafi.

Halafu kuna jambo jingine. Kwenye mahari tuliomba koti la mjomba, unajua desturi yetu, mjomba analivaa mbele ya watu wote ndipo binti atoke. Mzee Masunga amekubali. Analishonesha hapa hapa kwa Ngusa, kwa hiyo tuletee vipimo vyako. Harusi ni Jumamosi ya mwisho ya Agosti.

Dada yako,
Romana


Makanyagio, Mpanda
12 Mei 1996

Dada Romana,

Salamu kwa mama, mwambie jicho moja la mama yetu linatosha kuliko macho mawili ya mtu mwingine. Mimi mzima, nadunda kama mpira. Donatille amekwenda kwao Kibondo mara moja kusalimia, kwa hiyo napika mwenyewe, na ugali wangu unashangaza mtaa.

Habari ya Salvatori imenikaa vibaya. Kwa nini hamkuniletea habari mapema? Nani alimwosha? Walivaa kitu mikononi au walimwosha kama mtu? Na mama yake Katarina, watu wanakwenda kwake? Hilo benchi unalolisema, dada, watu walipokuwa wanainuka wewe ulikuwa umekaa wapi? Kuuliza tu nauliza.

Kadi nimefikiria tena, maana mimi siyo mbishi. Koti nawasamehe wanaume wasio nalo. Sasa nimeandika hivi:

MAVAZI: Wageni wote, wake kwa waume, mikono mirefu, kwa sababu ya mbu.

Mbu wa Majimoto nani hawajui? Hapo hakuna anayeonewa. Shati la mikono mirefu kila mtu anaweza kuazima. Harusi yote ikiwa mikono mirefu inapendeza, hakuna wa kumwangalia mwenzake mara mbili.

Vipimo vya nini? Mwambie Ngusa ampime Benedikto aongeze dhiraa moja kwa ajili ya kitambi. Fundi anayesubiri vipimo ni fundi mwanafunzi. Tena hilo koti naweza kushona mwenyewe hapa, wao walete kitambaa tu.

Mdogo wako,
Melkior


Majimoto
9 Juni 1996

Mdogo wangu,

Mama anakusalimu. Anaumwa miguu lakini anakula. Tumeanza kuvuna.

Umetuletea moto. Benedikto, na mdomo wake, amekwenda kumweleza Mzee Masunga kwamba mjomba wa mjini hataki watu wasio na mikono mirefu. Mzee alikuja hapa jana asubuhi na lile shuka lake jeusi begani na fimbo mkononi. Hakukaa. Nikamwambia, "Karibu kiti, baba." Akasema, "Kiti nitakaa nikishapata shati." Halafu akasema hivi, na mimi nakuandikia kama alivyosema: "Shuka hili na fimbo hii ndivyo vilivyoleta ng'ombe kwenye zizi lenu. Kama mjomba haoni vizuri kuvitazama, ng'ombe wana miguu, watarudi walikotoka." Agatha alikuwa nyuma ya mlango. Hajala tangu jana. Nkwabi amekuja mara mbili kuomba radhi kwa niaba ya baba yake, lakini kijana hawezi kumzidi mzazi.

Ndugu yangu, mbu gani hawa? Mbu wamekuwepo tangu tunazaliwa na hakuna aliyewaandika kwenye kadi. Unataka nini? Niambie mimi.

Katarina alikuja huko Mpanda kununua dagaa, akapita kibarazani kwako. Anasema cherehani haipo. Nikamuuliza, "Melkior umemwona?" Akasema, "Nimemwona, anawasalimu." Nikamuuliza, "Amenenepa kweli?" Akainama kufunga mzigo wake, akaanza kulia. Nadhani ni kwa ajili ya mwanae.

Vipimo tuletee. Masunga ameniambia neno moja la mwisho: mjomba akishalivaa koti lake na kumpa mkono hadharani, naye ataona kwamba hakudharauliwa. La sivyo harusi hakuna. Na wewe mwenyewe, siyo Benedikto.

Romana


Makanyagio, Mpanda
30 Juni 1996

Dada,

Nimefupisha kwa sababu dereva anapiga honi.

Mwambie Mzee Masunga sikumdharau. Shuka lake nalitamani. Kama kuna mtu wa kuvaa shuka kubwa linalofunika kila kitu ni mimi.

Ndani ya bahasha kuna uzi mweupe wenye mafundo matatu. Kutoka mwanzo mpaka fundo la kwanza ni mkono. Kutoka hapo hapo mwanzo mpaka la pili ni kiuno. Mpaka la tatu ni kifua. Mpe Ngusa na umwambie ashone kama ulivyo, asiongeze. Usimpe Benedikto aubebe. Usizungushe sokoni.

Huo uzi nimejipima mwenyewe, sijakosea.

Melkior


Majimoto
21 Julai 1996

Mdogo wangu Melkior,

Mama hajambo. Mpunga umeingia ndani. Salamu ni hizo, leo sina nyingine.

Uzi nilimpelekea Ngusa mwenyewe kwa mkono wangu. Aliunyoosha, akautazama, akacheka mpaka akashika meza. Akasema, "Huyu fundi wa mjini amejisahau. Huu uzi ni wa mtoto wa darasa la nne." Watu waliokuwepo wakacheka naye. Nikamwambia ashone hivyo hivyo. Akasema, "Mama Agatha, barua yake ya mkanda si niliisoma kwa macho yangu? Unataka nimwaibishe mjomba, koti lisifungwe kifungo mbele ya watu?" Nilipokuwa shambani akashona kwa ile barua yako ya mwezi wa tatu. Ameshona koti la mtu mnene, Melkior. Lina bitana, lina mifuko minne. Limetundikwa mlangoni kwake na watu wanapita kulisifu. Mama aliomba apelekwe aliguse. Aliingiza mikono yake miwili ndani akasema, "Huku ndani mwanangu anaenea kweli?" Wakamwambia anaenea. Amelala siku hiyo bila kulalamika miguu.

Mimi ule uzi niliuchukua. Nilipofika nyumbani nilifunga mlango nikauzungusha kiunoni kwa Agatha mpaka fundo la pili, haukukutana. Nikauzungusha kwangu, ukaishia mbavuni. Mara ya mwisho kiuno chako kikiwa hivyo nilikishika mimi, nilipokuwa nakubeba mgongoni, mama akiwa shambani.

Nikaenda kwa Katarina. Sikumuuliza kitu, nilikaa tu. Akasema, "Alinikataza nisiseme. Amevaa koti mchana wa jua na mikono anaificha." Basi nikaelewa mbu wako.

Usinikasirikie kwa hili la pili. Mzee Masunga alikuja kuaga, kwamba anavunja, maana mjomba hajasema kama atakuja. Nikaona niseme au nimpoteze Agatha. Nikamwambia. Akakaa kwenye kile kiti alichokataa. Akasema, "Kumbe ile mikono mirefu ilikuwa yake, siyo yetu." Halafu akasema, "Mwambie shuka langu ni pana, watu wawili tunaenea." Akaniuliza kama ng'ombe wa maziwa unaweza kuletewa huko mjini. Nikamwambia nitakuuliza.

Agatha naye anajua. Amesema hatoki ndani kwa mkono mwingine.

Uliniuliza nilikuwa nimekaa wapi siku ile ya Salvatori. Safari hii nitakuwa nimekaa kulia kwako, Katarina kushoto. Hilo ndilo jibu nililonalo.

Sasa kadi. Sitaki suti, sitaki koti, sitaki mbu. Mimi naona iandikwe hivi:

MAVAZI: Vaa ulichonacho. Shuka, kitenge, shati, koti, vyote karibu. Mjomba wa bibi harusi anaumwa, na ndiye atakayemtoa. Asiyeweza kukaa naye benchi moja abaki kwake na nguo zake.

Stensili iko huko, na jina litakalosemwa ni lako. Sitapeleka neno hilo kwa mtu mpaka wewe uliandike kwa mkono wako. Ukikataa, tutaandika "karibuni nyote" na utakuja kulala kwangu chumba cha ndani, watu tutawaambia una malaria. Lakini koti hilo, ukilivaa, litasema lenyewe. Litaning'inia. Ndiyo maana nakuuliza. Bora waambiwe na wewe kuliko waambiwe na koti.

Niambie ukweli wako, Melkior. Siyo kwa ajili yangu, mimi uzi ninao. Kwa ajili ya mama. Nataka nimsomee barua iliyoandikwa na wewe.

Dada yako,
Romana


Makanyagio, Mpanda
6 Agosti 1996

Dada yangu Romana,

Hii barua nimeiandika kwa siku tatu, mkono unachoka. Mwandiko ukiona umepinda usilaumu shule, shule niliacha mapema lakini mwandiko wangu ulikuwa unasifiwa.

Barua yako ilinikasirisha, nisikufiche. Niliitupa chini ya kitanda. Halafu nikaanza kufikiria lile koti la mifuko minne, mimi ndani yake, na huo upepo wa Majimoto wa jioni, nikacheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Ngusa ni mpumbavu lakini ana moyo. Mwambie asilipunguze. Mfuko mmoja nitaweka dawa, mmoja leso, mmoja karanga za mama, wa nne nitakaa mimi mwenyewe.

Nimekwenda parokiani. Nilitembea taratibu, nikipumzika kwenye kila duka kama mkaguzi. Karani aliposoma akavua miwani. Akasema, "Fundi, hii siyo kadi ya harusi." Nikamwambia, "Wewe piga chapa, nguo najua mimi." Akasema, "Watu wataogopa." Nikamwambia, "Wanaoogopa wanapunguza wali, tunaobaki tunashiba." Akacheka, halafu akainama kwenye mashine, akapiga herufi moja moja, kwa kuzigonga sana.

Sentensi zako sikuzibadilisha, ila moja nimeongeza neno. Umeandika mjomba anaumwa. Kuumwa hata mwenye jino anaumwa. Nimeandika anaumwa ugonjwa uliomuua Salvatori. Kama Katarina hataki jina la mwanae lisomwe hivyo, wino wa kalamu utalifuta na mimi nitamwelewa. Lakini mimi ningependa libaki. Salvatori mwenyewe hakuandikiwa kadi.

Kadi zinakuja na dereva yule yule. Mimi nitapanda lori la Ijumaa, siku moja kabla ya harusi. Amesema ataniwekea godoro juu ya magunia, nitakuja nimelala kama sultani. Nikifika siwezi kusimama, nivalisheni koti nimekaa. Mzee Masunga mwambie ng'ombe abaki zizini, ila hilo shuka alilete, na ajibane upande wake, mimi nalala vibaya.

Na kama lori litashusha kitu kingine badala yangu, dada, harusi isiahirishwe. Nivalisheni koti hivyo hivyo. Agatha aushike mkono, kisha atoke nje akaolewe. Namwachia yeye aamue kama ataweza. Wewe umwambie mjomba wake hakuwa na baridi, alikuwa na koti la bitana.

Sasa soma hii kwa mama, polepole, na ile ya Machi uwe umeishika mkononi. Waite na majirani wale wale.

Mama, ni Melkior. Donatille hakuwa mgongoni kwangu anakosoa mwandiko. Alirudi kwao tangu Novemba akiwa hawezi kutembea, na wamemzika siku ya Pasaka. Sikwenda, nguvu sikuwa nazo. Cherehani niliiuza Februari. Bwana mkubwa wa serikali hakuna. Mkanda nilitoboa kweli kwa msumari wa moto, lakini tundu nililitoboa upande wa ndani, wa kukaza. Sikunenepa, mama. Niliwadanganya.

Melkior